Herufi Nene Zilizobanwa: Historia ya Umbo la Maandishi ya Hadharani katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuyachukua maandishi kuwa ni maneno tu. Mhakiki anapokumbana na jina la kanga, na msemo uliochorwa ubavuni mwa matatu, au na kichwa cha habari cha gazeti, hatua yake ya kwanza ni kuyanakili maneno hayo kwa herufi za kawaida za jarida lake, na hatua ya pili ni kuyachambua. Baina ya hatua hizo mbili kuna kitu kinachopotea. Neno lililosimama ukutani kwa urefu wa mtu mzima, kwa wino mzito usioacha nafasi ya pumzi, huja mbele ya msomaji wa jarida likiwa dogo na jepesi, sawa na maneno mengine yote. Uchambuzi unaofuata huwa ni wa neno hilo la pili, wala si wa lile la kwanza.

Makala hii inakusudia kurudisha umbo la herufi katika mjadala huo. Umbo linaloshughulikiwa ni moja: herufi nene, zilizobanwa mbavuni, zisizo na vijimkia kwenye ncha za mistari yake. Mahali panapochunguzwa ni mitaa ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni hadi Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole. Hoja zinazotolewa ni tatu. Kwanza, umbo hilo ni zao la mji wa viwanda na ushindani wa kuta, na kwa hiyo kufika kwake Eastlands hakukuwa kwa bahati tu. Pili, muundo wa neno la Kiswahili huifanya haja ya kubana herufi kuwa kubwa zaidi kuliko ilivyo katika Kiingereza, na wakati huohuo huifanya kazi yenyewe kuwa ngumu zaidi. Tatu, historia ya umbo hilo ni historia ya swali la nani ana haki ya kuandika kwa herufi kubwa mjini, na swali hilo halijaisha.

Pengine itadhaniwa kuwa kuyapa maumbo ya herufi uzito wa namna hii ni jambo geni katika utamaduni wa Waswahili. Sivyo. Wanakili wa misahafu wa Siyu, katika karne ya 18 na ya 19, waliyapamba maandishi yao kwa mtindo uliotambulika, na tenzi ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu ambayo mpangilio wake wa vipande katika mstari ulikuwa sehemu ya usomaji. Jina la kanga nalo, ambalo baadaye liliandikwa kwa herufi kubwa za Kirumi ndani ya kisanduku chake, husomwa likiwa mwilini, kwa mbali, na kwa mtu aliyekusudiwa. Mila hiyo ya kuangalia mwandiko ilikuwapo. Kilichokosekana ni wahakiki kuifuata ilipohamia kwenye bati na ukuta.

Chimbuko la umbo

Herufi za Kirumi zisizo na vijimkia zilionekana kwanza katika chapa huko London, katika kitabu cha mifano cha William Caslon IV cha mwaka 1816 hivi. Kwa muda zilibaki kama kioja. Katika miaka ya 1830 wasubu herufi wengine wa London, Vincent Figgins na William Thorowgood miongoni mwao, walizitoa kwa wingi, zikiwa nene mno na baadhi yake zikiwa zimekwisha kubanwa. Huko Marekani, Darius Wells alikuwa amebuni mwaka 1827 njia ya kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na hivyo herufi kubwa kupindukia, ambazo kwa risasi zingekuwa nzito na za gharama, zikawa rahisi kutengenezwa na kubebwa.

Sababu ya mageuzi hayo haikuwa ya kisanaa peke yake. Kitabu husomwa na mtu mmoja aliyekaa. Bango husomwa na umati unaopita. Miji ya viwanda ilijaa matangazo ya dawa, minada, michezo ya kuigiza, usafiri wa meli na mikutano ya kisiasa, na kila tangazo lilipigania ukuta uleule. Karatasi ilikuwa na upana wake, nao haukuongezeka. Mpiga chapa aliyetaka neno lake lionekane kuliko la jirani yake alikuwa na njia moja: kuirefusha herufi kwenda juu na kuibana kwa pembeni, kisha kuijaza wino. Basi wembamba wa herufi hizi haukuwa dalili ya unyenyekevu, bali ni mbinu ya kupata kimo kikubwa mahali penye upana mdogo.

Karne ya 20 ililipa umbo hilo usanifu makini zaidi. Mwaka 1963 kampuni ya Letraset, iliyouza herufi za kubandika kwa kusugua, ilitoa Compacta ya Fred Lambert. Mwaka 1965 kiwanda cha kusubu herufi cha Stephenson Blake cha Sheffield kilitoa Impact, iliyosanifiwa na Geoffrey Lee, mtu wa kazi za matangazo. Mwaka uliofuata Matthew Carter alisanifu Helvetica Compressed. Katika hizo, Impact ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo iliyokuja kuenea kuliko nyingine. Lengo la Lee lilikuwa kuweka wino mwingi iwezekanavyo kwenye karatasi kwa kipimo kilichopo. Kwa hiyo herufi zake ndogo ni ndefu kiasi cha kukaribia herufi kubwa. Vipande vinavyopanda juu, kama vya b na d, na vinavyoshuka chini, kama vya p na g, vimekatwa vikawa vifupi sana. Uwazi wa ndani ya a, e na o umebaki kama ufa. Na nafasi baina ya herufi na herufi ni finyu. Neno lililopangwa kwa Impact huonekana kwanza kuwa tofali, kisha ndipo huonekana kuwa neno.

Mtaa, kipeperushi na gazeti

Mitaa ya Eastlands ilijengwa kwa mantiki inayokaribiana na hiyo ya kubana. Pumwani ilitengwa rasmi kuwa makazi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1930, na Kaloleni katika miaka ya 1940. Shirika la Reli lilijenga Muthurwa na Makongeni kwa wafanyakazi wake. Bahati, Ofafa, Maringo, Mbotela na Jericho ziliongezeka katika miaka ya mwisho ya ukoloni na ya mwanzo ya uhuru. Nyumba zilifanana, na mpangaji alijulikana kwa namba iliyopakwa ukutani. Maandishi makubwa ya kwanza ya mitaa hiyo, kwa maana ya maandishi yaliyokuwa mbele ya macho ya kila mtu kila siku, yalikuwa ya mwenye nyumba, naye alikuwa ama Baraza la Jiji ama Reli: namba, amri na makatazo.

Maandishi ya upande wa pili yalikuja kwa njia ya kipeperushi. Makhan Singh, aliyejiunga na kazi ya matbaa ya baba yake jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliijua nguvu ya karatasi iliyochapwa kabla ya kuwa kiongozi wa wafanyakazi. Vyama alivyoviongoza vilitoa vipeperushi kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika Ukumbi wa Kaloleni, alitamka hadharani dai la uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai walikamatwa, na mgomo mkuu ukaanza. Singh hakuachiliwa hadi 1961. Kwa mhakiki, jambo la kuzingatia ni kwamba wito wa kisiasa wa wakati huo ulikuwa na miili miwili. Ulikuwa sauti ukumbini, nao ulikuwa neno lililopangwa kwa herufi za kutangazia, herufi zilezile ambazo mji uliziona zikiuza bidhaa. Mfanyakazi wa Muthurwa alipokipokea kipeperushi, aliiona kauli ya wenzake ikiwa imevaa vazi ambalo hadi hapo lilivaliwa na mamlaka na biashara tu.

Baada ya hapo gazeti ndilo lililolifanya umbo hili kuwa la kila siku. Baraza, gazeti la Kiswahili la kampuni ya East African Standard, lilitoka kuanzia 1939 hadi 1979. Taifa lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Charles Hayes, likanunuliwa na Aga Khan mwaka 1959, na mwaka 1960 likazaa Taifa Leo, sambamba na Nation ya Kiingereza. Magazeti ya kundi la Nation yalichukua ukubwa mdogo wa karatasi, ule unaoweza kufunguliwa na abiria ndani ya basi lililojaa. Ukurasa mdogo ukilazimishwa kubeba kauli kubwa huzaa palepale haja ya herufi nene zilizobanwa. Haja hiyo ilizidishwa na namna gazeti linavyouzwa Nairobi. Muuza magazeti huyatandaza chini kwenye njia panda na vituo vya matatu, na wapita njia humzunguka wakasoma vichwa vya habari bila kununua. Wasomaji wa namna hii ni wengi kuliko wanunuzi. Kwao kichwa cha habari si mlango wa kuingilia habari, bali ni habari yenyewe, na mjadala huanza papo hapo, watu wakiwa wamesimama. Ikiwa fasihi simulizi inahitaji hadhira, fanani na tukio, basi duara hilo la watu lina haki ya kuchunguzwa na watafiti wa fasihi simulizi kama utanzu mmojawapo wa usimulizi wa mjini, ambao kianzio chake ni herufi.

Umbo na muundo wa neno la Kiswahili

Hapa ndipo hoja ya pili inapoingia, nayo ni ya kiisimu kwa sehemu kubwa. Kiingereza, lugha ambayo herufi hizi zilisanifiwa kwa ajili yake, hujenga kauli kwa maneno mengi mafupi. Kauli inayobanwa na nafasi inaweza kukatwa baina ya neno na neno, na vipande vikapangwa kimoja juu ya kingine. Kiswahili hukusanya nafsi, njeo, yambwa na ukanushi ndani ya kitenzi kimoja. Tuchukue mfano wa kubuni: HATUTAWASAHAU. Kauli hiyo kwa Kiingereza ingekuwa na maneno matano, ambayo mpangaji angeweza kuyagawa katika mistari miwili au mitatu na kuyakuza apendavyo. Kwa Kiswahili ni neno moja lenye herufi 13, nalo halikatiki ila kwa kistari ambacho katika bango huonekana kama kasoro. Lazima liingie lote katika upana uliopo. Mpangaji ana hiari mbili: kulipunguza kimo neno zima, au kulibana. Kulipunguza ni kushindwa kabla ya kuanza, maana kitenzi ndicho chenye uzito wa kauli. Basi hulibana.

Lakini Kiswahili kinaleta ugumu mwingine. Silabi zake ni wazi, na kwa hiyo karibu nusu ya herufi katika neno lolote ni irabu, huku irabu a ikijirudia kuliko sauti nyingine yoyote. Katika HATUTAWASAHAU kuna A tano. Herufi kubwa A ni pembetatu, nayo pembetatu haipendi kubanwa: uwazi wake wa ndani huziba upesi, na miguu yake huacha nafasi za pembeni zinazolivunja tofali. Zaidi ya hayo, viambishi vya ngeli huweka M na W, herufi pana kuliko zote, mwanzoni mwa maneno mengi yanayotaja watu: mwalimu, walimu, mwananchi, wananchi, mwizi, wezi, wafanyakazi. Mwanzo wa neno, mahali ambapo jicho hutua kwanza, ndipo penye herufi ngumu zaidi kubanwa. Mpangaji wa Taifa Leo alikuwa akipambana na tatizo ambalo mwenzake wa Nation hakuwa nalo kwa kiwango hicho, ingawa wote wawili walitumia vifaa vya nyumba moja.

Mapambano hayo yameathiri lugha yenyewe. Kiswahili cha vichwa vya habari hupenda kitenzi kifupi kisicho na alama nzito ya njeo, hupendelea majina ya vifupisho, na hudondosha viunganishi. Wahakiki wa lugha ya magazeti wameieleza hali hiyo kuwa ni uvutano wa Kiingereza. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Sehemu ya jambo hilo ni uamuzi wa mtu aliyekuwa na safu yenye upana fulani na herufi zisizokubali kubanwa zaidi.

Hata hivyo, hapana budi kujihadhari na kuyaeleza mambo yote kwa nafasi. Maandishi ya onyo kwenye malango ya Nairobi, MBWA KALI, yamedondosha kiambishi cha m- ambacho sarufi sanifu inakidai. Herufi iliyodondoshwa ni pana kuliko zote, na mtu angeweza kuvutiwa kusema kwamba ilidondoshwa na ufinyu wa kibao. Lakini udondoshaji huo ni wa Kiswahili cha mazungumzo cha Nairobi, husikika mahali pasipo kibao chochote. Umbo la herufi hulisukuma neno. Haliliumbi peke yake.

Mchoraji wa vibao na ubavu wa matatu

Mtu aliyelitatua tatizo la M na W kwa ufasaha zaidi hakuwa mpangaji wa chapa bali mchoraji wa vibao. Kwenye karakana za Gikomba, Kamukunji na Kariobangi, na kwenye vibanda vya barabarani katika kila mtaa, mchoraji alifanya kazi kwa brashi, rangi ya mafuta, chaki na kipande cha ubao ulionyooka. Alipiga mistari miwili ya ulalo, akagawa upana kwa macho, akachora. Kwa kuwa hakuwa na herufi zilizosubiwa, hakulazimika kuipa kila herufi upana uliokwisha kuamuliwa. M aliibana kwa kuisimamisha miguu yake wima na kukishusha kidogo kile kipembe cha katikati. A aliikata kichwa ikawa bapa, hivi kwamba pembetatu ikageuka kuwa mlango, na uwazi wa ndani ukabaki. I aliiachia pumzi. Mwisho wa mstari ulipomkaribia kabla neno halijaisha, jambo la kawaida kwenye vibao vya saluni, bucha na hoteli, alizipunguza herufi za mwisho au kuzipandisha juu. Wageni wamezoea kuicheka hali hiyo. Kwa hakika ni ushahidi wa mapatano baina ya neno refu na bati fupi.

Maandishi hayo ya ukutani yana tanzu zake. Liko la makatazo, ambalo mfano wake ulioenea ni USIKOJOE HAPA. Liko la biashara, lenye orodha za vyakula na bei. Na liko la umiliki, ambalo limeshamiri sana katika mitaa ya mpakani mwa jiji, kule viwanja vinakouziwa watu wawili kwa hati mbili: tangazo kwamba ploti hii haiuzwi, likifuatwa na onyo juu ya matapeli. Kiingereza na Kiswahili hutumika kwa zamu katika utanzu huo. Hapo umbo nene si pambo. HAIUZWI ni neno linalolinda mali ya familia kutwa na usiku, mwenyewe akiwa hayupo, na unene wa herufi ndio sauti yake. Mwandiko mwembamba ungeyasema maneno yaleyale bila ya kumzuia mtu yeyote.

Katika matatu ndipo ufundi huo ulipofikia kilele. Magari hayo, ambayo jina lake huhusishwa na nauli ya senti thelathini ya zamani, yaliruhusiwa rasmi mwaka 1973 kwa tamko la Rais Jomo Kenyatta. Yalikuwa na jukumu la kimsingi la maandishi: kumwambia abiria yanakwenda wapi. Namba ya njia, kama 58 ya Buruburu au 6 na 9 za Eastleigh, ilipaswa kusomeka kutoka mbali, gari likiwa mwendoni na kituo kikiwa kimefurika. Juu ya namba likaja jina la gari, kisha msemo wa nyuma, kisha majina ya wanamuziki, wachezaji na manabii. Katika miaka ya 1990, magari yaliyoitwa manyanga yaligeuzwa kuwa kurasa zinazotembea. Kenda Mutongi, katika historia yake ya matatu iliyochapishwa 2017, na Mbugua wa Mungai, katika uchunguzi wake wa utamaduni wa wanaume wa matatu wa 2013, wameonyesha namna biashara hiyo ilivyokuwa pia jukwaa la vijana wa mjini kujieleza. Linaloongezwa hapa ni kwamba jukwaa hilo lilikuwa na vipimo. Ubavu wa gari chini ya madirisha ni ukanda mrefu wenye kimo kidogo. Sehemu ya juu ya kioo cha mbele ni finyu zaidi. Mlango wa nyuma ni mraba. Msemo uleule ulichorwa kwa namna tatu katika gari moja, na uliobanwa zaidi ulikuwa ule wa mlango wa nyuma, unaosomwa na dereva wa gari linalofuata.

Kusomeka kwa mbali kulileta ukinzani ambao wachoraji waliutambua. Herufi iliyobanwa hupata kimo, lakini uwazi wake wa ndani ukiziba, umbali huigeuza kuwa doa. Wakazungushia herufi mstari wa rangi nyingine, wakaitilia kivuli upande mmoja ili ionekane imeinuka kutoka kwenye bati, wakaipambanua na usuli. Kivuli hicho, ambacho mtazamaji wa haraka hukiona kuwa ni urembo, kilikuwa dawa ya ugonjwa ulioletwa na kubana.

Ni vyema pia kukumbuka mahali Sheng ilipolelewa. Mitaa hii ndiyo inayotajwa kwa kawaida kuwa chimbuko lake, na Dandora ndiyo iliyowatoa Kalamashaka, kundi lililosikika kote nchini kwa wimbo wa Tafsiri Hii mwaka 1997. Msamiati wa Sheng hupenda kukata maneno na kuyageuza. Neno fupi lililokatwa lilimpa mchoraji uhuru ambao kitenzi kirefu cha Kiswahili sanifu kilimnyima: angeweza kulijaza ubavu mzima kwa silabi mbili. Ubavu wa matatu ukawa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo Sheng, lugha iliyodharauliwa madarasani, iliandikwa kwa herufi kubwa kuliko za vitabu vyote vya shule.

Dola na haki ya kuandika

Maandishi ya hadharani ya Eastlands hayakuachwa yakue bila ya kuangaliwa na dola. Mwaka 1990, mwaka wa ubomoaji wa kijiji cha Muoroto na wa mkutano uliozuiliwa wa tarehe 7 Julai katika uwanja wa Kamukunji, polisi waliwakamata wauzaji wa kanda za nyimbo zilizosimulia matukio hayo. Kanda ingeweza kunyang'anywa. Msemo uliochorwa kwenye gari lililokwisha ondoka kituoni ulikuwa mgumu zaidi kukamatwa, na ugumu huo ulikuwa sehemu ya mvuto wake.

Hatua kubwa zaidi ilikuja kwa jina la usalama barabarani. Tangazo la Kisheria Na. 161 la 2003, lililotolewa John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi na kuanza kutekelezwa Februari 2004, lilidai vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama, sare za wahudumu, na ukanda wa manjano uliozunguka gari lote pamoja na maelezo ya njia yake. Haja ya kupunguza vifo barabarani ilikuwa ya kweli, na wananchi wengi waliziunga mkono kanuni hizo. Lakini pamoja na hayo michoro na misemo ilifutwa. Ubavu uliokuwa ukurasa ulipakwa rangi moja, na katikati yake ukapita mstari ambao maneno yake yaliamuliwa na serikali. Kwa lugha ya uhakiki, matini ya wengi yaliondolewa na matini moja ikawekwa mahali pake, nayo iliendelea kutumia herufi zilezile nene za kusomeka kwa mbali. Umbo halikufutwa. Kilichofutwa ni uhuru wa kulijaza.

Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitamka kwamba vijana wanaojipatia riziki kwa michoro ya matatu wasisumbuliwe, na magari ya Eastlands yakarudi katika rangi kwa kishindo. Novemba 2018 msako wa kutekeleza kanuni za 2003 ulifufuliwa. Mchoraji basi ameishi katika hali ambayo kazi yake huwa sanaa mwaka mmoja na kosa mwaka mwingine, ilhali brashi ni ileile. Mwandishi wa riwaya hajawahi kuulizwa kama kitabu chake kinalingana na rangi iliyoamriwa.

Kompyuta na kuondoka kwa mkono

Badiliko lililofuata halikutoka kwa dola. Impact iliingia katika programu za Microsoft katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, na kuanzia Windows 98 ilikuwa ndani ya kila kompyuta iliyotumia mfumo huo. Herufi iliyosubiwa Sheffield mwaka 1965 kwa ajili ya wapiga chapa wa Uingereza ikawa sasa mikononi mwa kila mwenye duka la kuchapa barua, kadi za harusi na matangazo ya mazishi. Baadaye zikaja mashine za kukata vinaili na za kuchapa mabango makubwa. Mabango ya wagombea wa Makadara, Kamukunji na Embakasi, ambayo tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 hujaza kuta za mitaa kila baada ya miaka mitano, yakaanza kutoka katika mashine hizo: uso mkubwa, jina kwa herufi nene, nembo ya chama.

Faida zake haziwezi kukanushwa. Bei ilishuka, kasi ikaongezeka, na mama mwenye kibanda cha mboga akaweza kuwa na bango. Lakini suluhisho la mchoraji halikuingizwa ndani ya mashine. Herufi ya kompyuta ina upana mmoja uliokwisha kuamuliwa. Neno refu la Kiswahili lisipoenea, mwendeshaji hulibana lote kwa pamoja: mistari ya wima hukonda huku ya ulalo ikibaki minene, A huziba, na W hugeuka kuwa uzio. Tatizo ambalo mtu wa Gikomba alilitatua kwa jicho na chaki limerudi katika hali yake ya mwanzo, na sasa limesambaa zaidi. Ni kweli kwamba wasanii wa matatu wa leo wameuchanganya ufundi wa kompyuta na wa rangi ya kupulizia, na wengine huchora herufi zao upya kwa kila gari. Hao ni wachache, na gharama yao ni ya magari ya fahari, sio ya bucha ya Kayole.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba herufi nene zilizobanwa zina historia Eastlands, na kwamba historia hiyo inaihusu fasihi moja kwa moja. Zilizaliwa katika ushindani wa kuta za miji ya viwanda. Zikaletwa Nairobi na matbaa, zikasambazwa na gazeti, zikajifunza Kiswahili mikononi mwa mchoraji, zikawekewa sheria, kisha zikarudishwa katika umbo lao la kigeni na kompyuta. Katika kila hatua, maana ya maneno ilitegemea pia kimo chake, unene wake, na mtu aliyeruhusiwa kuyaandika.

Kutokana na hayo, kuna mambo mawili yanayowadai watafiti. Kwanza, anayeikusanya misemo ya matatu, ya kanga au ya kuta hana budi kurekodi umbo pamoja na maneno: picha, vipimo, rangi, mahali katika gari au katika nguo. Mkusanyo wa maneno matupu ni sawa na utenzi ulionukuliwa bila mizani. Jambo hilo ni la haraka, kwani kazi za kabla ya Februari 2004 zilipakwa rangi juu yake, na vibao vya brashi vinang'olewa kila bango jipya linapofika. Pili, wasanifu wa herufi wa Afrika Mashariki wanalo tatizo la kweli la kulishughulikia: herufi ya kutangazia iliyosanifiwa kuanzia neno la Kiswahili, yenye A isiyoziba na M inayokubali kubanwa. Kanuni zake zimekwisha kutungwa. Zimo katika bati zilizobaki Gikomba na Kariobangi, nazo zinasubiri kusomwa na watu waliofunzwa kusoma.